Mhadhiri apimwe kwa lipi?

Kila mwisho wa muhula tunajaza fomu ya kumtathmini mhadhiri. Kuna anayeisoma kweli? (Mwanafunzi, Morogoro)

Mkuu wa idara anapaswa kuisoma, nawe mpe cha kufanyia kazi. "Hafundishi vizuri" haifiki popote. Andika ulichokiona: "Vipindi vitatu vya Jumatatu havikufanyika wala kufidiwa," au "jaribio la kwanza tulirudishiwa baada ya mtihani wa mwisho." Hayo yanafuatilika.

Ni mhadhiri wa kike, nafundisha takwimu. Wanafunzi wangu wanafaulu, ila kwenye fomu wananipa alama za chini kuliko wenzangu wa kiume. Nifanyeje? (Dodoma)

Pole, dada, na usikubali fomu peke yake ikuhukumu. Mwaka 2015 watafiti wa North Carolina, Marekani, walichapisha jaribio la kozi ya mtandaoni. Wakufunzi wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja alifundisha kundi moja kwa jina lake na jingine kwa jina la mwenzake. Jina la kiume lilipata alama za juu, yeyote aliyekuwa nyuma yake. Hata kuhusu kurudisha kazi kwa wakati "mwanamke" alipewa alama ndogo, na kazi zilirudishwa siku ileile! Mwaka 2018, katika mgogoro wa Chuo Kikuu cha Ryerson, Toronto, msuluhishi aliamua kwamba alama za fomu hizo zisitumike kupima ubora wa ufundishaji wakati wa kupandisha vyeo.

Kwa hiyo mwombe mhadhiri mwandamizi aje akae darasani kwako, apitie mitihani uliyotunga na kazi ulizosahihisha, kisha aandike ripoti. Iambatanishe na fomu zako.

Mbona anayechapisha makala hupanda cheo kabla ya anayefundisha vizuri?

Makala huhesabika kirahisi. Naona ni kuwadhulumu wanafunzi, na kamati za vyeo zinaweza kulirekebisha zikitaka.

Kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, nimeandika lengo "kufundisha", mkuu wangu amelirudisha. Ana haki? (Mwanza)

Anayo. Tangu enzi za OPRAS, mfumo uliotangulia PEPMIS, watu wanajaza hivyohivyo, na mwisho wa mwaka hakuna kinachopimika. Andika kozi gani, vipindi vingapi, na kazi zitarudishwa ndani ya wiki ngapi. Usiwasahau wanafunzi wa uzamili unaowasimamia: weka siku utakazochukua kusoma kila sura wanayokuletea, maana wengi wao wanakwama hapo.