Fundi wa Visu Anajibu: Mng'aro, Tena Mng'aro

Fundi, nimefua kisu kwa kipande cha nondo kilichobaki mjengoni hapa Kayole. Nataka king'ae kama kioo. Nitumie msasa namba ngapi?

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Hata ukisugua hadi namba 2000, nondo ni nondo. Kwa kawaida kaboni yake ni kidogo, haikazi, na makali yake hayamalizi fungu moja la sukuma wiki. Nenda Gikomba ukanunue jani la springi ya gari. Ukishalichonga umbo, lipashe moto mpaka sumaku ikatae kulishika, karibu nyuzi 770, uongeze moto kidogo, kisha lichovye kwenye mafuta ya kupikia yenye uvuguvugu. Si maji! Ukisikia “ti!” ujue limepasuka na Jumamosi yako imekwenda. Likipoa, pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza, chuma kimekaza. Ikiuma, rudi motoni. Na usikimbilie kutamba nalo, kwa sababu hapo likianguka sakafuni linaweza kuvunjika kama glasi. Litie kwenye oveni nyuzi 200, saa mbili, lipoe, kisha urudie.

Baada ya hayo ndipo tuongee msasa: 120, 240, 400. Mimi huishia 400, nikivuta upande mmoja tu, kutoka mpinini hadi nchani. Kisu cha kung'aa kama kioo ni cha kutundika ukutani. Ukikitumia siku moja kimejaa mikwaruzo.

Nilimpelekea shangazi yangu Mombasa kisu cha springi. Siku ya pili kina kutu. Nipake rangi?

Rangi itabambuka iingie kwenye mchuzi. Springi haina kromiamu ya kutosha kuzuia kutu. Chuma kisichoshika kutu huhitaji kama asilimia 10.5 au zaidi. Sugua kutu, osha mafuta yote kwa sabuni, kisha pangusa bapa kwa siki ya moto mpaka ligeuke kijivu. Rangi hiyo ya kijivu hupunguza kutu, haiimalizi. Shangazi naye akifute kila akimaliza, akipake mafuta kidogo, asikilaze kwenye sinki. Kama hilo ni kazi kwake, ungemnunulia cha dukani tangu mwanzo.

Ile dawa ya kula shaba kwenye bodi za redio inaweza kufanya bapa liwe jeusi?

Ndiyo, feriki kloraidi. Sehemu moja ya dawa kwa tatu za maji, glavu mkononi, dakika chache, kisha suuza kwa maji yenye magadi. Lakini anayeihifadhi kwenye chupa ya soda nyumbani kwenye watoto asiniandikie tena.

Naweza kufua bomba lenye zinki?

Hapana. Moshi wake utakulaza kwa homa.

Nimeuziwa kipande cha msandali kwa ajili ya mpini. Nikimalizie kwa mafuta gani?

Kwanza jiulize kimetoka wapi. Uvunaji wa msandali ulipigwa marufuku Kenya mwaka 2007, na pembe za wanyamapori ni kesi kubwa zaidi. Pembe ya ng'ombe ipo tele huko machinjioni Dagoretti, na ukiing'arisha inapendeza kuliko mbao nyingi. Vaa barakoa tu, na usiisugulie kwenye korido ya ploti: inanuka kama nywele zinazoungua, na majirani watakuja na mwenye nyumba.