Samaki Wangapi, na wa Aina Gani, Katika Tangi la Lita 112?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 40, nikaweka samaki 14 kwa siku moja: frontosa wawili wa urefu wa kiganja, trofeusi watatu, goldifishi wanne, na watano wadogo sana wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Muuzaji aliniambia kanuni ni sentimita moja ya samaki kwa kila lita, nami sikuivuka. Wiki mbili hazijaisha, goldifishi watatu na trofeusi mmoja wamekufa, na wawili wa makombe hawaonekani kabisa. Nimekosea wapi? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana kwa hasara hiyo. Tuanze na maji. Kwa vipimo ulivyotoa, tangi lina lita 112, lakini ukiondoa mchanga, mawe na nafasi ya juu isiyojazwa, maji yenyewe hayazidi sana lita 90, na hayo ndiyo yanayobeba uchafu wa samaki wote. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na hatimaye kuwa nitrati isiyo na ukali huo, huhitaji kwa kawaida wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha katika filta na mchangani. Ulijaza samaki kabla bakteria hao hawajakuwapo. Isitoshe, samaki wa Ziwa Tanganyika, yaani wako wote isipokuwa goldifishi, wamezoea maji magumu (yenye madini mengi) na pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, inayokaribia 9, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa kali.

Kanuni uliyopewa inapotosha, kwa kuwa samaki hakui kwa urefu tu. Frontosa hufika sentimita 30, na samaki aliyemzidi mwenzake wa umbo hilohilo mara kumi kwa urefu humzidi takribani mara elfu moja kwa uzito. Hesabu ukubwa atakaoufikia, wala usihesabu ule uliouona dukani.

Wale wawili waliopotea, naamini wameliwa. Frontosa ni mwindaji wa samaki wadogo, hasa gizani wanapokuwa wamelala, kwa hiyo mtoe leo. Goldifishi hupenda maji ya baridi kuliko chumba cha Dar es Salaam kinavyoweza kumpa, na hukua kupita sentimita 20. Trofeusi hula mwani unaoota juu ya mawe, na akilishwa vyakula vya nyama yuko hatarini kuvimba tumbo na kufa. Tena wakiwa watatu tu, mbabe humwandama mnyonge mpaka amuue, ndiyo maana wafugaji huwaweka kumi na wawili au zaidi katika tangi la lita 300 na kuendelea. Hao wote warudishe dukani.

Baki na wale wa makombe, ambao kwa maoni yangu ndio wanaolifaa tangi lako. Aina inayofugwa zaidi, Neolamprologus multifasciatus, haizidi sana sentimita 4. Watandikie mchanga wa sentimita 5 na makombe mengi kuliko idadi yao. Utamwona mmoja akichota mchanga kwa mdomo na kuutema pembeni, kidogo kidogo, mpaka kombe lizame na kubaki tundu lake tu, kisha akisikia kishindo anaingia humo, macho yake mawili yakichungulia mlangoni. Kila wiki badilisha robo ya maji, ukitumia maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Vipimo vya amonia na nitriti vikifika sifuri na kubaki hapo, waongeze wafike wanane, na baadaye, ukitaka, jozi moja ya julidokromisi, samaki wembamba wa ziwa hilohilo, kwenye mawe ya upande wa pili. Zaidi ya hapo usinunue wengine, kwa sababu watazaliana wenyewe, na vifaranga wakianza kugombea makombe itakubidi utafute wa kuwagawia.