Katheta ya bloki haishikwi na plasta peke yake

Wadogo zangu wa ganzi, wiki hii nimeitwa wodini mara tatu kwa katheta za bloki zilizochomoka, vile vijirija vinavyoachwa kando ya neva vipeleke dawa ya ganzi. Tatu! Sindano mnachoma vizuri kuliko tulivyochoma sisi, ila dawa ikishaizunguka neva kwenye altrasaundi mnavua glavu kana kwamba kazi imekwisha.

1. Klorheksidini, dawa ya kusafishia ngozi, ikauke kabisa kabla hujabandika chochote. Nywele zikatwe kwa mashine, si wembe.

2. Andika sentimita ya katheta inayosomeka pale inapoingia ngozini. Hapa ndipo nilipomtesa mtu. Nilikuwa bado mwanafunzi, mama mmoja amebadilishiwa goti, nikamwekea katheta ya neva ya femorali, ile ya mbele ya paja. Orodha ilikuwa ndefu, daktari wa upasuaji amesimama mlangoni. Nikabandika plasta juu ya ngozi ambayo haijakauka, sikuizungusha katheta kitanzi, sikuandika namba. Usiku nesi akapiga simu: mgonjwa analia. Nikamwambia apandishe pampu kutoka mililita 6 kwa saa hadi 8. Akapiga tena, nikasema 10. Yote hayo nimelala. Alfajiri nilipofunua shuka lilikuwa chapachapa. Ncha ya katheta imejikunja ndani ya plasta, dawa ya usiku kucha imenyweshwa godoro. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Daktari, dawa yenyewe ndiyo hii?" Sauti ile naisikia hadi leo nikishika plasta. Namba ingeandikwa, nesi angegundua tangu simu ya kwanza.

Kwa hiyo ukipigiwa simu, inuka. Soma namba, papasa shuka, pima ganzi kwa barafu. Pampu baadaye.

3. Tone la gundi ya ngozi pale katheta inapotokea: inashika, na inazuia uvujaji. Plasta angavu juu yake.

4. Kitanzi, ili kikivutwa kitu kivutwe hicho. Shingoni ngozi hutembea kila mgonjwa anapogeuka, huko mimi napitisha katheta chini ya ngozi kwanza. Lakini kijana mmoja wa upasuaji wa bega, katheta yake imeshikwa barabara, tuliipoteza kwa shati: alivuliwa, filta, kile kichujio cha mwisho wa katheta, ikiwa inaning'inia, ikaondoka na kila kitu. Bloki ilipoisha alikesha kwa maumivu. Filta ibandikwe kifuani, jamani.

5. Lebo kwenye mrija. Bupivakeini, hiyo dawa ya ganzi, ikiunganishwa na mshipa wa damu, moyo unaweza kusimama.

Yule wa kitanda cha dirishani tunamwekea upya kesho asubuhi. Nitakuwepo, aje mmoja wenu, gundi ataiweka yeye.