Maswali na Majibu: Llagut iliyokauka nchi kavu

SWALI: Kikundi chetu hapa Palamós, Katalunya, Hispania, kimepewa llagut, ile mashua ya zamani ya tanga la pembetatu, yenye urefu wa mita 6. Imekaa nchi kavu tangu mwaka juzi, na mbao zimeachana hata mwanga unapita. Je, tuzibe kwa gundi ngumu au tuifunike yote kwa fibaglasi?

JIBU: Fibaglasi iacheni kabisa, na gundi pia. Llagut huundwa kwa mbao za msonobari zilizopigiliwa kwenye mataruma (mbavu za chombo) ubavu kwa ubavu, bila kupandiana, nazo husinyaa zikikauka na kuvimba zikilowa. Mwanga mnaouona si lazima uwe dalili ya ubovu. Mkijaza gundi ngumu sasa, siku chombo kitakaporudi majini mbao zitavimba, zitakosa pa kwenda, na zitang'oa misumari au kupasua mataruma. Fibaglasi nayo hufungia ndani maji ya mvua yanayopenya kwa juu, mti ukaoza mahali msipopaona.

Anzeni kwa maji. Tandazeni magunia ndani, kuanzia mkukuni, yaani kwenye mti mkuu wa chini ya chombo, myamwagie maji ya bahari asubuhi na jioni kwa wiki moja au mbili; ya mvua msiyaache yatuame, maana ndiyo yanayoozesha. Wakati huohuo chokoeni kwa ncha ya kisu mbao zilizozunguka misumari, hasa penye weusi wa kutu, na pale zinapoingia kwenye hanamu (mti wa mbele) na fashini (mti wa nyuma). Ncha ikizama kama kwenye mkate, ubao ubadilishwe. Ikigoma, uacheni, hata ukiwa na sura mbaya.

Mianya itakayobaki ndiyo ya kukalafatiwa, yaani kuzibwa kwa pamba iliyosokotwa, ikipigwa kwa kiasi, kwani pamba iliyoshindiliwa mno hufanya madhara yaleyale ya gundi. Kwa kazi hiyo ningemtafuta fundi, ambaye Wakatalunya humwita calafat, neno lililo ndugu wa kalafati yetu. Wamebaki wachache, na si ajabu: Umoja wa Ulaya ulipowalipa wavuvi waondoe vyombo vyao baharini, vingi vya mbao vilivunjwavunjwa.

Siku ya kuishusha, iacheni majini ikiwa bado imeshikwa na mikanda ya winchi, pampu ikiwa tayari. Itavuja usiku wa kwanza, msishtuke. Ikiwa siku ya tatu maji hayajapungua, ipandisheni mkakague upya viungo vya chini, karibu na mkuku.