Mgagani unaota wenyewe jalalani, ukiupanda unagoma: mbegu zako zimelala

Mkuu, umesema umepanda mgagani mara mbili kwa ajili ya mboga na maua ya nyuki, ukaambulia miche ya kuhesabu, ilhali nyuma ya banda la mbuzi umejaa tele na hakuna aliyeupanda. Hayo yalinikuta mimi hapa Shinyanga, na nilikaribia kukata tamaa.

Nikuulize kwanza: mbegu ulizivuna lini? Mimi mwaka wa kwanza nilivuna Mei, nikapanda Juni kwa maji ya kisima. Wiki mbili namwagilia asubuhi na jioni, ikatoka miche saba. Nikajua mbegu zimekufa. Zilizobaki nikazitia kwenye bahasha ya khaki, nikaitupia juu ya kabati. Mvua za Novemba zilipoanza nikazipanda zile zile, basi tu nisizitupe, na haikupita wiki tuta likawa kijani. Mbegu ya mgagani ikitoka kuvunwa inakuwa imelala, inataka ikae kavu kama miezi mitatu hadi sita ndipo iamke. Na ina sababu zake: ule ni mmea wa msimu mmoja, ungeota papo hapo unapomwaga mbegu, kiangazi kingeufyeka wote usibaki hata mmoja. Halafu Juni usiku ni baridi, nao unapenda joto la kama nyuzi 30.

Kosa langu la pili lilikuwa kutawanya mbegu juu juu kama mchicha. Mbegu hii mwanga unaizuia kuota. Chora vifereji vya kina cha sentimita moja, usizidishe, achanisha sentimita 30, changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, kisha fukia. Mama alinikuta napima mistari kwa kamba akacheka hadi akakaa chini: "Mwanangu, tangu lini mgagani ukapandwa kwa kamba?"

Usisumbuke na kitalu. Mzizi wake mkuu unazama moja kwa moja, ukiuhamisha unanyong'onyea. Panda pale pale utakapokaa, kisha punguza miche, na hiyo unayoing'oa ni mboga tayari. Chagua mahali penye jua la kutosha, maana huu ni kama mahindi na mtama, kivulini unarefuka tu na kulegea. Maji yakituama ndiyo kabisa, unageuka njano. Samadi ya mbuzi iliyooza inatosha. Vidukari wakiuvamia mimi huwanyunyizia maji ya sabuni, na miche ikitobolewa majani naipaka majivu asubuhi umande ukiwepo.

Sasa hapo kwenye mboga na maua lazima uchague. Ukitaka majani, kata kichwa ukifika urefu wa shubiri moja, utachipua matawi ya pembeni na utachuma wiki kadhaa. Ukiuacha utoe maua, majani yanakuwa madogo na machungu zaidi. Mimi tuta nalikata, ila mashina kumi ya pembeni siyagusi.

Hayo kumi ndiyo raha yangu. Vuta kigoda jioni jua likizama uyatazame yakifunguka. Petali nne nyeupe, zikichakaa zinaelekea pinki, na katikati kijiti chembamba kirefu. Stameni, yaani vile vinyuzi vinavyobeba chavua, ziko sita za zambarau, nazo hazitokei chini kama ulivyozoea kwenye maua mengine, zinachomoza katikati ya kijiti hicho zikatanda kama miguu ya buibui. Magharibi ikiingia kwangu wanakuja nondo wakubwa wanaoelea bila kutua, na alfajiri nyuki wanamalizia. Ukigusa shina vidole vinanata na harufu yake inakaa mkononi hadi chakula cha usiku. Wengine wanaichukia. Mimi nimeizoea.

Mbegu zichukue maganda yanapogeuka njano, usingoje yakauke shambani kwa sababu yanapasuka na kumwaga kila kitu. Kata, ingiza kwenye mfuko wa karatasi, yatapasukia humo. Mbegu iliyokomaa ni nyeusi au kahawia iliyoiva, ina mikunjo, imejipinda kama konokono mdogo. Zitakazokuponyoka usizihuzunikie, mwaka unaofuata utaziona zimeota zenyewe.

Jikoni sina mengi: chemsha, mwaga maji ya kwanza kama uchungu unakushinda, unga kwa karanga au maziwa. Kiporo chake cha asubuhi ni kitamu kuliko cha usiku, hilo sibishani na mtu.

Kwa hiyo zile mbegu zilizobaki usizitupe. Andika kwenye bahasha mwezi uliovuna, iweke mahali pakavu, usubiri mvua. Na kama uko Njombe au kokote kwenye baridi kali, Juni na Julai usijaribu kabisa.