Maswali ya Wasomaji: Kiingereza cha Kazini Kinapimwaje?

SWALI: Ninafundisha Kiingereza wafanyakazi wa ghala, saa 2 kwa wiki kwa wiki 12. Nilitoa mtihani wa sarufi mwanzoni na nikaurudia mwishoni. Alama zimepanda kidogo mno, na uongozi unauliza kama darasa lina faida. Nimekosea wapi?

JIBU: Umepima chumvi kwa mizani ya magunia. Fanya hesabu: umefundisha saa 24. Ngazi za umahiri wa lugha za Baraza la Ulaya zilizotolewa mwaka 2001, kuanzia A1 (anayeanza) hadi C2 (aliyebobea), ni pana. Kwa makadirio ya Cambridge, watungaji wa mitihani ya Kiingereza, kutoka A2 kufika B1 huchukua saa zinazokaribia 200 za masomo. Saa zako ni kama sehemu moja ya nane ya hizo. Isitoshe, mtihani wa sarufi wa kuandika humwangusha hata anayejieleza vizuri kwa mdomo.

Pima kazi zenyewe. Waulize wasimamizi, kisha wanafunzi (majibu hutofautiana sana), Kiingereza kinawakwamisha wapi. Chagua kazi nne au tano, si zaidi: kukabidhi zamu, kusoma lebo ya kemikali, kupiga simu kuomba ruhusa, kujaza fomu ya ajali.

Tuseme ni makabidhiano ya zamu. Wiki ya kwanza mpe mwanafunzi kadi ya picha: foklifti namba 4, betri imekwisha, saa imeonyeshwa, fundi ameshapigiwa. Ajiandae dakika moja, aseme kwa dakika mbili, nawe urekodi kwa simu. Taarifa nne lazima zifike: kifaa kipi, kina tatizo gani, tangu saa ngapi, nani ameambiwa. Kila moja ipewe 0 isipofika, 1 ikifika kwa kusaidiwa, 2 baada ya kuulizwa swali moja, 3 bila msaada wowote. Jumla ni 12. “Battery finish” inapata 3 ikiwa msikilizaji ameelewa. Sarufi iwekee safu yake pembeni. Wiki ya mwisho tumia kadi nyingine yenye ugumu uleule, maana ukirudisha ya kwanza unapima kumbukumbu.

Usisahihishe peke yako. Kufikia wiki ya 12 sikio lako limeshazoea matamshi yao, na utaona maendeleo hata yasipokuwapo. Changanya rekodi za mwanzo na za mwisho, ondoa tarehe, mpe mwalimu mwingine azisikilize. Jichunge pia wewe mwenyewe: walimu wengi huitikia kwa kichwa au kummalizia mwanafunzi neno bila kujijua. Huo nao ni msaada, uhesabu.

SWALI: Kila nikimuuliza mwanafunzi kama ameelewa, anajibu “yes”. Nitajuaje kama ni kweli?

JIBU: Acha kuuliza, mpe agizo kisha tazama mikono yake. “Bring fifteen labels and leave the torn ones on the shelf.” Aliyeleta 50 hakusikia mkazo wa neno, aliyeleta zilizochanika alipotelewa na nusu ya pili ya agizo. Hayo ni makosa mawili, na kila moja lina somo lake. Anayekukatiza akauliza “Fifteen or fifty?” mpe alama zote: kazini huyo ndiye asiyeharibu mzigo.

SWALI: Msimamizi anataka alama za kila mtu. Nimpe?

JIBU: Hilo huamuliwa kwa maandishi kabla ya somo la kwanza. Mpe matokeo ya kundi, kwa mfano “watu 9 kati ya 12 wanakabidhi zamu bila msaada, mwanzoni walikuwa 3”. Ya mtu mmoja mmoja yatoke kwa ridhaa yake. Alama zikifungamanishwa na mkataba wa kazi, wanaojiona dhaifu huacha kuja, na wastani wa darasa hupanda bila mtu yeyote kujifunza kitu. Kwa hiyo kila ripoti ionyeshe pia walioanza walikuwa wangapi.