Saiklotroni "inafanya uzalishaji"? Hapana jamani

Msomaji wa Ujiji, Kigoma, ameuliza: saiklotroni (mashine inayozungusha chembe ndogo za atomu kwa kasi kubwa) INAZALISHA isotopu za hospitali (atomu zenye mionzi za kupigia picha wagonjwa, kama florini-18) au INATENGENEZA? Mwalimu wake kamwambia kuzalisha ni kazi ya mkunga tu.

Yote mawili sawa, mdogo wangu. Kuzalisha limetoka kwenye kuzaa, mkunga anazalisha ni kweli, ila viwanda navyo vinazalisha miaka yote na Kiswahili hakijaharibika. Saiklotroni lenyewe asili yake Kigiriki, neno la duara. Hilo limeisha.

Kilichonikera ni sentensi uliyoinakili: "wataalamu wanafanya uboreshaji wa saiklotroni ili iweze kufanya uzalishaji wa florini-18." Wanafanya uboreshaji ndo nini? WANABORESHA! Mvuvi wa Kibirizi hasemi anafanya uvuaji wa dagaa, anavua dagaa. Ugonjwa huu umetoka maofisini, kwenye ripoti na hotuba, mtu ana kitenzi kizima mkononi anakiua anakifanya nomino halafu anaanza kuhangaika na "fanya".

Na kwenye saiklotroni inauma zaidi, maana mle ndani ni vitenzi vitupu: ioni za hidrojeni zinapindishwa na sumaku, zinasukumwa na umeme kila zikizunguka, zinazidi kasi, zinapita kwenye karatasi nyembamba ya kaboni zinavuliwa elektroni, zinabaki protoni, protoni zinagonga maji yenye oksijeni-18, nyutroni inachomoka, florini-18 hiyo imepatikana. Pindisha, pindishwa, vua, vuliwa, utajiri wote huo tumepewa bure halafu tunaandika "kunafanyika upindishaji"!

Halafu "uboreshaji" unaficha kazi yenyewe. Wameongeza mkondo wa protoni? Wamebadilisha karatasi ya kaboni iliyochakaa? Wamepoza vizuri zaidi ile shabaha, yaani yale maji yanayogongwa, maana protoni zinayachemsha? Kila kimoja kina kitenzi chake, kiandike, mafundi wa zamu ijayo wanahitaji kujua nini kimeguswa. Florini-18 inapungua nusu kila dakika 110, huwezi kumwandikia mtu wa hospitali kwamba "kumefanyika ucheleweshaji wa usafirishaji", andika DAWA IMECHELEWA, mgonjwa yuko kitandani anasubiri kupigwa picha.

"Kufanya mkutano" navumilia, shingo upande, kwa kuwa limeshazoeleka na watu wanaelewana. "Kufanya uzalishaji" sivumilii hata kidogo. Futa, andika INAZALISHA, na huyo mwalimu mwonyeshe.